Lango la Kumi na Tatu: Makabila ya Israeli katika Elimu ya Batini ya Wayahudi

Utangulizi

Wahenga walisema: mkataa kwao ni mtumwa. Methali hii tunaifundisha mwaka baada ya mwaka, na wanafunzi wetu huikubali bila ubishi, kwani maana yake iko wazi. Lakini liko swali moja ambalo methali haikuligusa. Mtu asiyekataa kwao, bali asiyekujua, yeye tumweke wapi? Wako watu ambao vita, utumwa, njaa au kuhamishwa kwa nguvu kumewakatia habari za wazee wao, hata hawawezi kumtaja babu wa nne. Je, hao nao tuwahesabu kuwa watumwa?

Swali hili liliwashughulisha Wayahudi kwa karne nyingi. Maandiko yao yasema kwamba taifa lao ni makabila kumi na mawili, na kwamba kila kabila lina jina lake, jiwe lake, mahali pake kambini na urithi wake katika nchi. Hata hivyo, tangu zamani sana Wayahudi walio wengi hawajui wametoka katika kabila lipi. Kitabu chawaambia kwamba wana kabila; historia imewapokonya jina lake. Walimu wa elimu ya batini, yaani elimu itafutayo maana iliyofichika nyuma ya maneno ya dhahiri, walilikabili jambo hili kwa namna yao. Azma ya makala haya ni kuieleza namna hiyo, na kuonyesha kuwa jibu walilolifikia latuhusu hata sisi wa nchi za Maziwa Makuu, ambako maswali ya asili yamegharimu roho za watu.

Maneno na mizizi yake

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, yafaa sisi walimu wa lugha tuanze na maneno. Kiswahili kina jamii kubwa ya maneno yaliyotokana na mzizi mmoja wa Kiarabu wenye konsonanti tatu, Q-B-L. Miongoni mwake ni kabla, kabili, mkabala, kibla, kubali, mustakabali na kabila. Ukiyachunguza utaona wazo moja likipita ndani ya mengi ya maneno hayo: kuwa mbele ya kitu, kukielekea, kukipokea. Mzizi huohuo umo katika Kiebrania, lugha ndugu ya Kiarabu, nao humo umezaa jina la elimu tunayoizungumzia. Elimu hiyo huitwa Kabala, maana yake mapokeo: mambo ambayo mwanafunzi ameyapokea kwa mwalimu wake, naye mwalimu kwa mwalimu aliyemtangulia.

Basi, kwa upande wa mzizi, kabila na Kabala ni ndugu. Lakini tusiharakishe. Undugu wa mizizi hauthibitishi undugu wa mambo, na mwanaisimu hana ruhusa ya kuvuka mpaka huo. Isitoshe, Kiebrania chenyewe hakikuutumia mzizi huu kutaja kabila. Biblia ya Kiebrania hutumia maneno mawili, shevet na matteh, na yote mawili humaanisha pia fimbo. Kabila ni fimbo: tawi lililokatwa mtini, likawa mkongojo wa mzee au ishara ya mamlaka yake. Waswahili wa pwani nao wana neno lao. Wao husema mlango wakikusudia tawi la ukoo, kwa hiyo watu wa mlango mmoja ni watu wa uzao mmoja. Msomaji na aliweke neno hilo akilini, kwani tutalirudia.

Makabila katika Maandiko na katika historia

Habari ya asili ya makabila imo katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 29, 30 na 35. Yakobo, aliyeitwa pia Israeli, alizaa wana kumi na wawili kwa wanawake wanne: Lea na Raheli, ambao ni ndugu, na vijakazi wao Zilpa na Bilha. Kila mtoto alipozaliwa alipewa jina lenye fumbo la maneno. Reubeni lahusiana na kuona, Simeoni na kusikia, Lawi na kuambatana, Yuda na kusifu, Dani na kuhukumu, Naftali na kushindana mweleka, Gadi na bahati, Asheri na heri, Isakari na ujira, Zabuloni na kukaa, Yusufu na kuongeza. Benyamini ni mwana wa mkono wa kuume, na mwalimu wa Kiswahili atalitambua humo neno yamini. Hivyo orodha ya makabila ni pia orodha ya vilio na furaha za akina mama waliokuwa wakigombea mapenzi ya mume mmoja.

Mtu akiisoma Biblia kwa makini ataona kuwa idadi ya kumi na mbili haibadiliki, lakini majina yanayoijaza hubadilika. Lawi akihesabiwa, Yusufu huwa kabila moja. Lawi akitolewa kwa sababu ya kazi ya ukuhani, wana wawili wa Yusufu, Efraimu na Manase, huingia kila mmoja kwa jina lake, na hesabu husimama palepale. Katika utenzi wa Debora ulio katika Waamuzi sura ya 5, unaohesabiwa na wataalamu wengi kuwa miongoni mwa maandishi ya kale kabisa katika Biblia, Yuda, Simeoni na Lawi hawatajwi, na mahali pa Manase na Gadi pametajwa Makiri na Gileadi.

Wanahistoria wameyatazama haya na kusema kuwa kumi na mbili ilikuwa fremu kabla ya kuwa hesabu. Mwaka 1930 mtaalamu wa Kijerumani, Martin Noth, alitoa nadharia kwamba makabila ya Israeli yalikuwa muungano wa watu mbalimbali waliokusanyika kuzunguka mahali pamoja pa ibada, kama ilivyokuwa miungano ya Wagiriki wa kale. Baadaye nadharia hiyo ilipingwa vikali, na leo wachache huikubali kama alivyoitoa. Lakini jambo moja katika hoja yake bado lina uzito: kwamba watu wa asili tofauti waweza kuwa taifa moja, kisha wakausimulia umoja wao kwa lugha ya baba mmoja. Biblia yenyewe yawapa Ishmaeli na Nahori wana kumi na wawili kila mmoja.

Sisi hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa fremu hiyo. Mji wa Mombasa ulikuwa na Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili yaliyogawanyika katika Tisa Taifa na Thelatha Taifa. Majina kama Wapate, Wakilifi na Wajomvu yatangaza kuwa watu hao walitokea miji mbalimbali. Kilichowafunga pamoja kilikuwa mapatano na ujirani, navyo vikapewa idadi ya kumi na mbili.

Turejee kwa Israeli. Baada ya Mfalme Sulemani ufalme uligawanyika pande mbili, kaskazini na kusini. Yapata mwaka 722 K.K. Waashuri waliuteka Samaria, mji mkuu wa kaskazini, na maandishi ya Mfalme Sargoni wa Pili yajisifu kuwa alihamisha watu zaidi ya 27,000. Hapo ndipo ilipoanza habari ya makabila kumi yaliyopotea. Kusini kukabaki Yuda na Benyamini, pamoja na Walawi. Nao mwaka 586 K.K. walipelekwa Babeli, na waliporudi walikuwa wameanza kuitwa kwa jina moja tu, Wayahudi. Hadi leo baadhi ya familia hukumbuka kuwa ni za makuhani au za Walawi. Waliosalia hawana kumbukumbu ya kabila.

Herufi, miezi na pande nne

Hali ikiwa hiyo, ingetazamiwa kwamba makabila yangekuwa habari ya makumbusho tu. Haikuwa hivyo. Kadiri makabila yalivyotoweka ardhini ndivyo yalivyozidi kukua katika tafsiri.

Kitabu cha kwanza cha kutazamwa ni Sefer Yetzirah, yaani Kitabu cha Uumbaji. Ni kijitabu kifupi ambacho tarehe ya kuandikwa kwake hubishaniwa, lakini kilikuwa kikijulikana vizuri mwaka 931, kwani mwaka huo mwanachuoni Saadia alikiandikia sherehe. Kitabu hiki chasema kuwa ulimwengu uliumbwa kwa namba kumi na herufi ishirini na mbili za Kiebrania. Herufi hizo zimegawanywa makundi matatu: tatu ni mama, saba ni maradufu, na kumi na mbili ni sahili. Herufi kumi na mbili sahili zimelinganishwa na miezi kumi na miwili, nyota kumi na mbili za falaki, na viungo kumi na viwili vya mwili. Wafasiri waliokuja baadaye waliongeza safu ya nne, nayo ni makabila.

Waliona pia kwamba Jina takatifu la Mungu kwa Kiebrania lina herufi nne, na mojawapo imejirudia. Mwalimu wa hesabu atatuthibitishia kuwa herufi nne zenye moja iliyojirudia zaweza kupangwa kwa njia kumi na mbili tu, si zaidi wala si pungufu. Kila mpango ukapewa mwezi wake na kabila lake. Kwa hiyo kila kabila likawa ni Jina lilelile moja, ila limesomwa kwa mpango mwingine.

Mpangilio huu haukubuniwa kutoka hewani, bali ulipata nguvu kutoka Hesabu sura ya 2, inayoeleza kambi ya Waisraeli jangwani. Mashariki walipiga kambi Yuda, Isakari na Zabuloni. Kusini Reubeni, Simeoni na Gadi. Magharibi Efraimu, Manase na Benyamini. Kaskazini Dani, Asheri na Naftali. Katikati palikuwa na hema ya kukutania na Walawi waliokuwa wakiilinda. Kambi ni ramani ya pande nne za dunia, na kila kabila hutazama katikati kutoka upande wake.

Jambo la kuwavutia zaidi walimu wa lugha ni lile la kifuko cha kifuani cha kuhani mkuu. Kitabu cha Kutoka, sura ya 28, chasema kilikuwa na mawe kumi na mawili yenye majina ya makabila. Talmudi yaeleza kuwa kuhani alipouliza swali, herufi za majina hayo zilimpa jibu. Lakini wanavyuoni wakagundua kasoro: majina ya makabila kumi na mawili hayana herufi zote za alfabeti. Zimekosekana nne, ambazo ni het, tet, tsadi na kof. Mawe yangewezaje kutamka kila neno? Talmudi ikajibu kuwa juu ya mawe yaliandikwa pia majina ya Ibrahimu, Isaka na Yakobo, pamoja na maneno mawili yenye maana ya makabila ya Yeshuruni. Jina la Isaka lilileta herufi tatu, na neno la makabila likaleta ya nne. Wafasiri wa Zama za Kati wakahesabu: herufi hamsini za makabila, kumi na tatu za mababu, na tisa za maneno yale mawili, jumla sabini na mbili, yaani herufi sita kwa kila jiwe.

Tuyapime maana. Hakuna kabila moja linaloweza kutoa jibu peke yake, kwa sababu hakuna jina moja lenye herufi za kutosha. Hata makabila yote yakikusanyika bado hayatoshi, hadi wazee waliotangulia mgawanyiko watajwe. Huo ni ufafanuzi wa kidini uliojengwa juu ya hesabu ya tahajia, na hata asiyeuamini ataikubali hekima yake.

Zohar: makabila ya juu na makabila ya chini

Kitabu kikuu cha Kabala ni Zohar, maana yake mng'ao. Kiliibuka katika nchi ya Castile, Uhispania, mwishoni mwa karne ya 13, nacho kimeandikwa zaidi kwa Kiaramu. Kimapokeo chahusishwa na Shimon bar Yohai wa karne ya 2. Lakini Gershom Scholem (1897–1982), aliyeifanya Kabala kuwa somo la chuo kikuu huko Yerusalemu, alitoa hoja za lugha na za historia kuonyesha kuwa sehemu kubwa iliandikwa na Moses de León, aliyefariki mwaka 1305. Miongoni mwa hoja hizo ni kwamba Kiaramu cha Zohar ni cha mtu aliyejifunza lugha vitabuni, si cha mtu aliyeisema. Hapa pia lugha ndiyo iliyotoa ushahidi.

Zohar hufundisha kuwa Mungu asiyefikika hujidhihirisha kwa ngazi kumi ziitwazo sefirot. Yakobo ni mfano wa ngazi ya sita, ambayo ni ya uzuri na ulinganifu. Ngazi ya kumi, iliyo karibu zaidi na dunia, ni Shekina, yaani ukaaji wa Mungu miongoni mwa watu. Neno hili nalo si geni kabisa kwetu, kwani mzizi wake ni ndugu wa ule uliotupa maskani. Makabila kumi na mawili yamewekwa chini ya Shekina kama pambo lake na tegemeo lake. Kwa ushahidi Zohar huitumia bahari ya shaba iliyokuwa katika Hekalu la Sulemani. Katika 1 Wafalme 7 imeandikwa kuwa chombo hicho kilisimama juu ya sanamu za ng'ombe kumi na wawili, watatu wakitazama kila upande wa dunia. Bahari ni Shekina, ng'ombe ni makabila.

Hali kadhalika wanawake wa Yakobo walipewa maana mpya. Lea ni ulimwengu uliofichika, Raheli ni ulimwengu uliodhihirika. Ugomvi wa wake wenza tuliousoma katika Mwanzo ukageuka kuwa habari ya namna siri inavyotoka kuwa dhahiri.

Hapa ni lazima tuwe wakweli. Walimu hawa hawakuwa wapigania usawa wa wanadamu wote. Mahali pengi Zohar hutenganisha roho za Israeli na roho za mataifa mengine, tena kwa maneno makali. Kilikuwa kitabu cha watu wachache waliodhulumiwa, na majeraha yao yamo ndani yake. Lakini kuhusu makabila yenyewe, mwelekeo wake ni mmoja: kabila limeacha kuwa habari ya shamba na mpaka, limekuwa mahali katika mpango mmoja mkubwa.

Safed na malango kumi na mawili

Mwaka 1492 Wayahudi walifukuzwa Uhispania. Wakatawanyika Afrika ya Kaskazini, Italia na nchi za Dola ya Uturuki. Baadhi yao walifika Safed, mji mdogo ulio juu ya vilima vya Galilaya. Katika karne ya 16 mji huo ukawa kitovu cha Kabala, na humo wakakutana watu wa Uhispania, wa Ujerumani, wa Italia na wa nchi za Kiarabu. Wote walikuwa Wayahudi, wote waliomba kwa Kiebrania, lakini kila kundi lilikuwa na taratibu zake za sala. Maneno yalitofautiana hapa na pale, mpangilio ulitofautiana, matamshi nayo kadhalika. Ikazuka hoja: sala ya nani ndiyo sahihi?

Mwaka 1570 alifika Safed Isaac Luria, aliyezaliwa Yerusalemu mwaka 1534 na kukulia Misri. Alifundisha huko muda mfupi tu, kwani alifariki mwaka 1572 kwa tauni. Mwenyewe aliandika machache. Mafundisho yake yametufikia hasa kwa kalamu ya mwanafunzi wake, Hayim Vital, aliyeishi hadi mwaka 1620. Jibu lililoandikwa na Vital ni hili: mbinguni yako malango kumi na mawili, moja kwa kila kabila, na sala ya kila kabila hupandia lango lake. Tofauti za sala si upotovu. Ni njia za milango mbalimbali kuelekea nyumba moja. Asili ya picha hii imo katika Ezekieli 48, ambako nabii anauona mji wenye malango kumi na mawili yaliyopewa majina ya makabila, matatu kila upande.

Msomaji sasa ataona kwa nini tulimwomba alikumbuke neno mlango. Mswahili asemaye kuwa fulani ni wa mlango fulani, na Vital asemaye kuwa sala ya kabila hupita lango lake, wamekutana katika picha moja bila kupata kujuana.

Pamoja na hayo Luria alifundisha kwamba kila roho ina shina lake, na kwamba shina hilo halifuati lazima damu ya wazazi. Vital mwenyewe aliambiwa kuwa roho yake yatoka katika shina la Kaini, mtu aliyeishi kabla makabila hayajakuwapo. Kwa fundisho hili ukoo wa mwili ulipoteza neno la mwisho.

Lango la kumi na tatu

Lakini fundisho la malango liliacha tatizo. Ikiwa kila kabila lina lango lake, na mtu hajui kabila lake, atajuaje abishe wapi? Vital alishauri kila mtu ashike desturi ya wazee wake. Ushauri huo wamfaa mwenye kuwajua wazee wake, na wenye kujua kwa yakini walikuwa wachache.

Karne mbili baadaye Dov Ber, mwalimu wa Mezeritch katika nchi iitwayo leo Ukraine, aliyefariki mwaka 1772, alilichukua tatizo hilo. Alikuwa kiongozi wa Wahasidi, kundi lililowavuta watu wa kawaida katika uchaji wa furaha. Alifundisha kwamba zaidi ya malango kumi na mawili liko la kumi na tatu, nalo ni la mtu asiyejua kabila lake. Luria, alisema, alizijua njia za mbinguni, akapanga sala ambayo mtu yeyote aweza kupita nayo. Idadi hiyo haikuwa ngeni, kwani Mishna ilikwisha kutaja malango kumi na matatu katika Hekalu la Yerusalemu.

Tuitazame hoja hii kwa utulivu. Dov Ber hakusema kuwa makabila ni uongo, wala hakuyafuta yale malango kumi na mawili. Hakumtaka mtu ajitungie nasaba ili apate pa kuingilia. Alisema tu kwamba kutojua hakumzuii mtu kuingia. Mtu asiyejua kwao ana mlango, na mlango huo si dirisha la nyuma. Ni lango kama malango mengine.

Wapinzani hawakukosekana. Mwaka huohuo wa 1772 viongozi wa Kiyahudi wa Vilna walitoa marufuku dhidi ya Wahasidi, na katika mashtaka yao kulikuwa na hili la kubadili taratibu za sala. Baadaye Moses Sofer (1762–1839), mwanachuoni wa mji uitwao leo Bratislava, alijibu kwa upole zaidi: Luria aliifafanua sala ya watu wa Uhispania kwa kuwa ndiyo aliyoizoea kuomba, kila desturi yafika, na hakuna haja ya kuacha yako. Ubishi huo wafundisha kitu. Picha moja ya malango ilitumiwa na huyu kusema usiondoke, na yule kusema karibu.

Asili katika nchi zetu

Makabila haya ya kale yameigusa Afrika pia. Katika karne ya 16 David ben Zimra, mwanachuoni mkubwa wa Misri, aliamua kwamba Wayahudi wa Ethiopia ni wa kabila la Dani. Mwaka 1973 Ovadia Yosef, aliyekuwa mmoja wa viongozi wakuu wa dini nchini Israeli, aliutegemea uamuzi huo alipowatambua kuwa Wayahudi. Kutambuliwa huko kulifungua njia, na mwezi Mei 1991 watu zaidi ya 14,000 walisafirishwa kwa ndege kutoka Addis Ababa katika muda wa siku mbili hivi. Jina la kabila laweza kufungua mlango.

Nchini Uganda hali ilikuwa nyingine. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, kiongozi wa Kiganda aliyekuwa jemadari mashuhuri, alishika dini ya Kiyahudi pamoja na wafuasi wake karibu na Mbale. Jamii yao huitwa Abayudaya. Wao hawakudai kuwa uzao wa kabila lililopotea. Walisoma Biblia wakaamua. Wakati wa utawala wa Idi Amin dini yao ilipigwa marufuku, lakini hawakuiacha, na mwaka 2002 mamia yao walipokelewa rasmi mbele ya baraza la marabi. Kama Dov Ber angewaona, bila shaka angejua lango lao.

Lakini asili yaweza pia kufunga mlango, tena kwa damu. Kitabu cha Mwanzo, kitabu kilekile chenye habari za wana wa Yakobo, kilitumiwa na Wazungu wa karne ya 19 kutunga nadharia ya Wahamu. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 John Hanning Speke aliandika kwamba watawala wa falme za Maziwa Makuu walikuwa wageni wenye asili ya Ethiopia. Wakoloni wakalijenga wazo hilo shuleni na ofisini, na katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliandika kabila la kila mtu wa Rwanda kwenye kitambulisho chake. Mwezi Novemba 1992 mwanasiasa mmoja wa Rwanda alisimama hadharani akasema Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari ya Watutsi, mito ilibeba maiti.

Tofauti ya masomo haya mawili ya kitabu kimoja ndiyo msingi wa makala haya. Wale waliotunga nadharia ya Wahamu waliisoma nasaba kama cheti cha damu, kisha wakaitumia kumwonyesha jirani kuwa hana haki ya mahali alipo. Walimu wa Safed na Mezeritch, pamoja na mipaka yao yote, waliisoma nasaba kama mpango wa malango, wakajiuliza asiye na cheti ataingilia wapi. Somo la kwanza hupata jibu kwa kutoa watu. La pili, kwa kuongeza lango.

Hitimisho

Mwalimu atakayependa kuyatumia haya darasani aweza kuanza na mzizi wa Q-B-L, awaombe wanafunzi wakusanye maneno yake yote, kisha waangalie ni kwa jinsi gani kabila, kabili na kubali yamekaa katika ukoo mmoja. Awaonye kuwa mzizi si hoja. Twaweza kulipokea kabila la mtu kwa kumkabili au kwa kumkubali. Lugha imetupa maneno yote mawili, na haikutuchagulia.

Baada ya hapo arudi kwenye methali yetu. Mkataa kwao ni mtumwa: hilo libaki, kwani kukumbuka wazee ni wajibu wa kila mwenye kumbukumbu. Lakini katika kila darasa la nchi hizi kuna mtoto mmoja au wawili ambao wakiulizwa kwao ni wapi hutazama chini, ama kwa kuwa hawajui, ama kwa kuwa kujua kwenyewe kunaumiza. Mwalimu asiwalazimishe kujibu. Na aanzie kwao kuifundisha habari ya lango la kumi na tatu.